Kulia Mbili Kwenye Miiba

Kila mwaka, ninapoanza kuwafundisha waelekezi wapya wa rali, somo la kwanza ni lile lile. Nawaambia: usiandike kwenye noti zako kitu kinachoweza kuhama. Usiandike mbuzi. Usiandike gunia la makaa kando ya barabara, wala lori lililoharibika, hata kama wenyeji wanakuapia kwamba limelala hapo tangu mwaka juzi. Andika jiwe, andika daraja, andika mti wenye mizizi. Vijana hucheka nikifika kwenye mbuzi, nami hucheka nao, kisha huongeza kwa sauti ile ile, "Na usiandike miiba." Hakuna aliyewahi kuniuliza miiba gani. Nilikuwa nimefika hapo kwenye miiba, Jumanne moja ya mwezi uliopita, katika ukumbi wa kukodi mjini Wote, simu yangu ilipotetemeka juu ya meza. Alikuwa Munyao, fundi wetu wa zamani, ambaye hunipigia mara mbili kwa mwaka na siku zote huanza na mzaha. Siku hiyo hakuwa na mzaha. "Mumbua," aliniambia, "Maundu ametuacha. Ni sukari. Amekuwa hospitali wiki mbili, leo asubuhi hakuamka. Tunazika Alhamisi ya wiki ijayo, huko kwake Ikutha." Nilimshukuru, nikarudi ubaoni, nikamaliza somo. Ndivyo nilivyo. Najua sana kumaliza jambo lililo mbele yangu na kuliacha la nyuma lijiozee lenyewe.

Nitalisema mapema ili msomaji asidhani namtegea fumbo. Mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja nilifanya kosa ndani ya gari, Maundu akalibeba mbele ya watu, nami nikamwacha alibebe. Mengine yote katika sura hii ni namna ilivyotokea, na kwa nini nilipata nafasi nyingi za kulisema na nikazipita zote. Sitafuti huruma. Nikisoma kumbukumbu za watu wengine huwa nachoka na jinsi kila mtu anavyojikuta, mwishoni, kuwa mwema zaidi ya alivyodhani. Mimi nimejikuta mbaya zaidi, na nilikuwa nimejua tangu mwanzo.

Mashindano ya vijana mwaka ule yalikuwa duru nne, mbili Makueni na mbili Kitui. Zawadi ya dereva bingwa ilikuwa kiti: gari kamili la rali msimu uliofuata, likiwa na mafundi wake na matairi yake, kwenye mashindano ya wakubwa. Kwa wale wengine kilikuwa kiti tu. Kwa Maundu kilikuwa mlango pekee wa kutokea. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akiendesha pikapu ya kubeba ndengu kutoka Nuu hadi soko la Emali, na barabara ile alikuwa ameishika kichwani shimo kwa shimo. Gari tuliloshindana nalo lilikuwa dogo, jeupe, la kuazimwa kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri pale Emali, ambaye alichotaka ni jina la duka lake liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa waya. Ilibidi Munyao aufungue kutoka nje kwa koleo kila tulipomaliza mkondo, yaani kipande kimoja cha njia ya mashindano, na watu walikuwa wakikusanyika kuona msichana akitolewa garini kama soda kwenye kreti. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Wiki moja kabla ya kila duru tuliruhusiwa kupita njia mara mbili, polepole, nikiandika kila kona: kushoto au kulia, na namba, moja ikiwa kona kali kabisa na sita ikiwa ile ambayo dereva haachii mafuta. Siku ya mashindano nilimsomea kona kabla hajaiona, naye akaiendesha kwa kuniamini. Kila nilipomaliza noti moja alisema "haya," neno hilo moja tu, ili nijue amesikia. Kwa mwaka mzima nilisikia "haya" zake maelfu. Sauti yake haikupanda hata siku moja.

Emali tulikula katika hoteli moja nyuma ya soko, chumba kirefu chenye kuta za rangi ya kijani hadi kifuani na nyeupe kwenda juu, ambako treni ikipita vikombe vilicheza juu ya meza na hakuna aliyeacha kutafuna. Asubuhi ya duru ya kwanza tulikaa karibu na meza ya madereva wa malori waliokuwa wakinywa supu. Walinitazama mimi, wakatazama kitabu changu cha noti, wakaanza mazungumzo ambayo hawakujali kama tunayasikia.

"Ati huyo msichana ndio anaonyesha njia."

"Dereva hana macho?"

"Anasoma kitabu, dereva anafuata. Ndio mchezo wao."

"Na akisoma vibaya?"

"Akisoma vibaya si wote wameenda, si wako gari moja."

Maundu aliweka chapati chini. Alikuwa mtu wa kula haraka na kunawa polepole, na alikuwa ameshanawa. Akageuka na kiti chake chote. "Wazee," alisema, "huyu akisoma vibaya ni mimi nitaulizwa. Stelingi nimeshika mimi." Wakacheka, mmoja akampigia saluti kwa kijiko. Kwa madereva wa Ukambani jambo hilo halina mjadala. Gari likigonga ng'ombe, hata kama ng'ombe alisukumwa, hata kama breki zilikuwa za tajiri, anayeulizwa ni aliyeshika usukani. Huwezi kushuka na kumnyooshea abiria kidole. Nililisikia neno hilo asubuhi ile nikaona ni uungwana, nikavimba kichwa kidogo kwa kuwa na dereva muungwana. Sikujua kwamba alikuwa ananiambia atakachofanya.

Duru ya kwanza tulimaliza wa tatu, ya pili wa pili. Ya tatu ilikuwa Nuu, nyumbani kwa ndengu zake, na huko tulishinda. Baada ya kushinda tulialikwa chakula cha mchana kwa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akimuuzia Maundu ndengu, nyumba ya matofali yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono na saa mbili ukutani zisizokubaliana. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa mbaazi, akachinja jogoo, na kabla hatujaketi akatoka nje kuweka mkono juu ya boneti ya gari letu akaliombea, kwa sauti, kwa muda mrefu kiasi kwamba Munyao alifungua jicho moja. Jikoni wanawake wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona, na kunong'ona kwao kulifika mezani bila shida. "Kuombea gari ya mashindano ni dhambi," mmoja alisema. "Ni dhambi gani, hawanywi pombe." "Wanashindana." "Hata sisi kwaya tunashindana." Maundu alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, aliniambia kitu ambacho hakukirudia tena. "Nikipata hicho kiti, Mumbua, ndengu naacha. Hata kama nitarudi baadaye kuuza nyanya, nitakuwa nimeendesha gari yenyewe." Nilimwambia atakipata. Nilisema kwa urahisi mno, nikijipakulia kuku. Tulikuwa tunaongoza. Duru ya mwisho hatukuhitaji hata kushinda. Tungemaliza wa tatu na kiti kingekuwa chake.

Duru ya mwisho ilikuwa Ikutha, mwezi wa kiangazi, ardhi imekauka hadi mbuzi wanatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Mkondo mrefu ulishuka ukingo wa mto, ukaingia mchangani, ukafuata mto wenyewe kwa mwendo wa mamia ya mita, kisha ukatoka kwa kona kali kulia kupitia nafasi iliyokatwa kwenye ukingo. Asiyejua mito yetu ataniuliza mto gani unaendeshwa gari ndani. Ni mto wa mchanga. Maji yako chini, na kwa miezi mingi juu hakuna hata unyevu. Shida ya njia ya mtoni ni kwamba mchanga haushiki alama. Ng'ombe wakipita na upepo ukivuma, njia ya jana imefutika, na ukingo wa kulia wote unafanana, nafasi ya kutokea imejificha mpaka uwe umeifikia. Waelekezi waliotoka Nairobi walitegemea kipima umbali: kutoka pale tunapoingia, hesabu mita kadhaa, pinda kulia. Chetu kilikuwa kinahesabu mizunguko ya gurudumu, na mchangani magurudumu yaliteleza, kikahesabu safari ambayo gari halikuwa limeenda. Kwa hiyo nilitafuta alama. Nikaiona: hatua chache kabla ya nafasi ya kutokea palikuwa na kithima, kisima cha kuchimbwa mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Duara jeusi la miiba kwenye mchanga mweupe, linaonekana kutoka mbali. Nikaandika: kulia mbili kwenye miiba.

Tulisimama hapo kunywa maji. Ndani ya kisima alikuwemo bibi mmoja, Susu Mbithe, kama wote walivyomwita, susu kwetu ikiwa ni nyanya. Alikuwa amezama hadi mabega, anachota kwa kata, akijaza mtungi wa plastiki wa manjano polepole kwa sababu maji yalikuwa yanajikusanya polepole. Alitupa kikombe cha bati bila kuuliza sisi ni nani. "Kunyweni, mwana wakwa, lakini kidogo," aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kikamba. "Maji inashuka. Jua ya wiki hii itamaliza hii." Nilisikia kila neno. Munyao, aliyekuwa ametufuata kwa pikipiki, alichungulia kitabu changu. "Miiba?" aliuliza. "Mashini inasemaje?" Nikamjibu kwa ile sauti ambayo hadi leo naichukia. "Mashini inadanganya kwenye mchanga. Wewe niachie mto. Mimi nimechota maji mtoni nikiwa mdogo, hawa wa Nairobi ndio wanahesabu." Maundu alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema haya, tukaondoka.

Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa sababu ndilo limenila miaka yote. Si kwamba sikujua. Mwelekezi wa Nairobi angeandika miiba ile angesamehewa, angekuwa ameona ua kama ua mwingine wowote. Mimi nilikuwa nimechimba vithima tangu nikiwa na miaka minane. Nilijua kwamba maji yakishuka unachimba zaidi, na ukifika mwamba unahama, unachimba kingine hatua hamsini, sitini, chini zaidi ya mto, na unaburuta miiba ile ile kwa sababu miiba mizuri haiachwi. Nimeiburuta mwenyewe, nikiwa nimeshika shina na kutembea kinyumenyume, miguu yangu ina alama zake. Bibi amesimama ndani ya kisima ameniambia maji yanaisha. Nami, kwa kujiona mwenyeji, nikaandika.

Siku ya mashindano tulianza vizuri. Nasema vizuri nikimaanisha tulikuwa watulivu, Maundu akiendesha kwa akiba, akiacha kona ambazo siku nyingine angezishambulia. Hakuwa na haraka. Naandika tena: hakuwa na haraka. Tukashuka ukingo, tukaingia mchangani, gari likiyumba mkia, mimi nikasoma, "Mto, nyoosha, tafuta miiba, kulia mbili kwenye miiba." Akasema haya. Mbele hapakuwa na chochote kwa muda uliozidi. Nikaona ukingo wa kulia ukipita na mahali fulani pakiwa peupe zaidi, na Maundu akaachia mafuta kidogo. "Hapa?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima kuniuliza swali ndani ya mkondo. Alikuwa ameiona nafasi. Macho yake yaliijua. Nami nilikuwa nimeinua kichwa nikaona, mbali mbele, duara jeusi. "Bado!" nikapiga kelele. "Miiba ile pale! Kulia mbili kwenye miiba!" Akasema haya. Akaongeza mafuta, akafika kwenye miiba, akapinda kulia kama nilivyomwambia, na pale hapakuwa na nafasi yoyote, palikuwa na ukingo wa udongo mgumu uliosimama wima, umekatwa na wachimba mchanga. Tuligonga, tukapinduka, tukaangukia ubavu, upande wa Maundu ukiwa chini, ndani ya kisima.

Nakumbuka harufu ya mafuta na ya udongo uliolowa, harufu ambayo kwetu ni ya mvua. Mkono wa kushoto wa Maundu ulikuwa umebanwa kati ya gia na bati lililoingia ndani. Hakulia. Alikuwa anasema, "Toka, Mumbua, toka kwanza," na mimi nilikuwa siwezi kutoka, mlango wangu ukiwa angani na umefungwa kwa waya. Watu walikuja kutoka mashambani, wakaukata waya kwa panga, wakanivuta juu, kisha wakakaa muda mrefu wakimtoa yeye. Susu Mbithe alikuwa amesimama pembeni na mitungi yake miwili mitupu. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa ametoka ndani ya kisima aliposikia magari yakija. Alitazama mafuta meusi yakienea juu ya yale maji machache, kisha akanitazama mimi, na kitabu nilichokuwa bado nimekishika kifuani.

"Mlikuwa mnafuata miiba yangu?" aliuliza kwa Kikamba, polepole.

Nilikibana kitabu kwapani.

"Nilihamisha juzi," alisema. "Mwana wakwa, si nilikwambia maji inaisha?"

Hakuna mwingine aliyesikia. Walikuwa wote kwenye gari.

Maundu walimlaza katika wodi ya wanaume, chumba cha vitanda kumi na sita chenye madirisha yasiyofungika. Nilifika kumwona Jumatatu saa ya chakula. Walikuwa wamepewa ugali na kabichi, na yeye alikuwa anakula kwa mkono wa kulia huku sahani ikiteleza kwa kukosa mkono wa kuishika, basi nikaishika. Daktari alikuwa amemwambia vidole vitatu vya kushoto havitakunjika tena. Msomaji anayeendesha gari atajua maana yake: kwetu gia iko kushoto. Kitanda cha jirani walikuwa wakizungumza juu ya bei ya mbuzi. Nilianza kusema, "Maundu, ile miiba..." akatikisa kichwa huku anatafuna. "Wasimamizi wanakaa kesho," alisema. "Wakiuliza, we nyamaza. Nitaongea mimi." Nikamwambia haiwezekani, kosa ni langu, kitabu kipo, kimeandikwa. "Stelingi nilishika mimi," alisema. "Halafu mimi hii imeisha, si unaona. Wewe bado uko na mikono miwili." Akaniomba nimsogezee maji. Nilimsogezea. Nililia, naye akanitazama nikilia kama mtu anayengoja mvua ikatike, kisha akamaliza kabichi.

Wasimamizi watatu walikaa katika darasa la shule ya msingi, wao kwenye viti vya walimu, sisi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Maundu alikuwa ameruhusiwa kwa saa mbili, mkono ukiwa umefungwa kifuani. Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe iliyoandikwa sehemu zake zote. Waliuliza kwa nini magari mengine yote yalitoka mtoni salama na letu likapita nafasi, likaenda kugonga ukingo mahali ambapo wananchi wanachota maji. "Mwelekezi alisoma nini?" mwenyekiti aliuliza. Maundu alijibu kabla sijavuta pumzi. "Alisoma sawa. Mimi ndio nilikuwa na haraka, nikapitiliza." "Noti ziko wapi?" "Zilianguka kisimani, zimeharibika na mafuta." Kitabu kilikuwa kwenye begi, kati ya miguu yangu, chini ya sweta. Mwenyekiti alinigeukia. "Ni hivyo?" Dirishani nilimwona Susu Mbithe amekaa kwenye kivuli cha darasa la pili na mtungi wake, akingoja mtu amwambie nani atamchimbia kisima kingine. Alikuwa mita kumi kutoka kwetu. Angesema sentensi moja tu na mambo yote yangegeuka, na hakuna aliyefikiria kumwita. Nilitazama dawati. Mtoto fulani alikuwa amechonga jina lake kwa msumari. "Ndiyo," nilisema.

Walimfungia Maundu misimu miwili kwa uendeshaji wa hatari. Kiti kilikwenda kwa kijana mwingine, dereva mzuri, sina neno naye. Mwelekezi wake alipata kazi ya benki akaacha, na mwezi wa pili kijana huyo akanipigia simu. Nikakubali. Nilikaa ndani ya gari lile lile ambalo Maundu alilitaka, nikamsomea mtu mwingine kona, tukashinda mara kadhaa, na kutoka hapo nikapata jina, kazi, na hawa vijana ninaowafundisha. Nimejitetea kwa miaka kwamba ni yeye aliyeniambia ninyamaze. Ni kweli. Lakini aliniambia ninyamaze mbele ya wasimamizi, Jumanne moja. Hakuniambia ninyamaze maisha yangu yote.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka kumi baadaye. Alikuwa na kibanda cha kuziba pancha karibu na stesheni ya Emali. Vijana wake ndio waliokuwa wakifungua magurudumu, yeye akielekeza, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Alifurahi kuniona, alifurahi kweli, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Aliagiza chai na mandazi, akatia sukari vijiko vinne, akaniuliza habari za magari mapya. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kichwani. Alinitazama juu ya kikombe akauliza, "Na mto siku hizi mnaandika aje?" Nikamwambia, kwa mita, kuna vipimo vya setilaiti. "Vizuri," alisema. Treni ikapita, vikombe vikatetemeka, na ilipokwisha kupita tulikuwa tumeshaanza kuzungumza juu ya mvua.

Alhamisi ya mazishi nilifika Ikutha mapema. Hema zilikuwa zimesimamishwa kando ya nyumba, kwaya ilikuwa inapima vyombo, na wanawake walikuwa wakichagua mchele kwenye ungo. Jeneza lililetwa na pikapu, na aliyekuwa akiendesha alikuwa msichana. Geti lilikuwa jembamba na upande mmoja kuna mtaro. Aliingiza gari kinyumenyume kwa mara moja, bila kusahihisha, mzee mmoja akimwelekeza kwa mkono, naye kwa kila ishara akijibu, "Haya. Haya." Munyao aliniambia huyo ni Mwikali, binti wa Maundu, ana miaka kumi na tisa. "Huyo ni baba yake kabisa," alisema mtu nyuma yangu. Mjane, Kavata, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu ambaye nilikuwa sijawahi kukutana naye, alimsikia. "Hapana," alisema. "Kuna watu wametaka kumchukua kwa mashindano ya vijana, nimekataa. Baba yake alikuwa na haraka, haraka ikamkula mkono, mkono ukamkula maisha. Alikuwa ananiambia mwenyewe: ni haraka yangu, Kavata. Mimi sitazika wawili." Kwa hiyo hata nyumbani kwake, kwa mke wake, miaka yote ile, kwenye kitanda chake, alikuwa ameendelea kulibeba.

Mwikali alinipata nyuma ya hema. Alijua mimi ni nani, alikuwa na picha yetu mimi na baba yake tumekaa juu ya boneti. "Auntie," alisema, "nisaidie kuongea na mama. Wewe ndio ulikuwa ndani ya gari. Ni kweli baba alikuwa na haraka?" Aliuliza wazi hivyo, akinitazama usoni. Nilikuwa na jibu la neno moja. Nikamwambia, "Baba yako alikuwa dereva mzuri sana." Alingoja. Nikamshika bega, nikasema wananiita.

Walikuwa wananiita kweli. Msema chochote, aliyekuwa akiongoza ratiba, alinipa kipaza sauti na kuniambia dakika mbili, mchungaji ana safari. Mbele yangu kulikuwa na jeneza, na Kavata, na Mwikali amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Niliwasalimu waombolezaji. Nilisimulia Nuu, mama wa kanisa alivyoombea boneti, na watu wakacheka kicheko kizuri cha msibani. Nilisema alikuwa mtulivu, alikuwa muungwana, hakuwahi kupandisha sauti. Nilifika mahali ambapo neno lilikuwa linafuata, nikalisikia mdomoni, na nikaona jinsi ambavyo wote wangegeuka kunitazama, na vijana wangu wa Wote wangesikia, na waandishi wangesikia. Nikasema Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nikarudisha kipaza sauti.

Baada ya kuzika tulipanga foleni kunawa kabla ya chakula. Kavata mwenyewe alikuwa ameshika jagi, kwa wageni wa mbali, na Mwikali amesimama kando yake na taulo. Nilipofika mbele yao Kavata alinimiminia maji taratibu, akaniinamia ili wengine wasisikie. "Dada, asante kwa kuja," alisema. "Na asante kwa kumvumilia. Najua siku ile angekuua, na hukuwahi kumsema vibaya." Nilitazama maji yakianguka kwenye beseni. "Asante, mama," nilimjibu. Mwikali alinipa taulo. Nilipangusa mikono yangu yote miwili, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikamrudishia. Alikuwa ananitazama bado, akingoja.

"Haya," alisema hatimaye, akamgeukia mgeni aliyefuata.